Kisiki Nilichokiamkia

Mimi si msemaji. Nyumbani wanalijua hilo, na darasani wanalijua zaidi. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, moyo unaanza kwenda mbio kabla mkono haujaamua, na mkono ukishaamua, mwenzangu wa dawati la mbele keshajibu zamani. Kwa hiyo naandika. Naandika alasiri, barazani, kabla wadogo zangu hawajanizonga. Mengi niliyoandika ni ya kawaida tu: mvua imenyesha, bomba la mtaa limekauka, mama kapika mchicha tena. Lakini haya ya kisiki nayaandika kwa urefu, maana ndiyo yaliyonifanya nisimame niseme mbele ya watu, na mmoja wa watu hao alikuwa baba.

Baba anauza vifaa vya kujengea. Uwanja wake uko pembeni mwa Kariakoo, njia ya kwendea Mchafukoge, umezungushiwa madebe yaliyokunjuliwa. Boriti zimeegemezwa upande mmoja, makuti yamerundikwa katikati, kamba za usumba wa nazi zinaning'inia, na pembe ya kushoto ukiingia ni ya fito. Anayejenga nyumba ya udongo hana njia ya kuzikwepa fito. Boriti ndiyo mifupa, na fito hufungwa baina ya boriti na boriti ili udongo upate pa kushika. Boriti zetu zinatoka mbali, kusini. Fito zinatoka hapa hapa: wakataji huzileta kwa mkokoteni kutoka kwenye mikoko ya mdomo wa mto Msimbazi, mbichi, bado zina tope. Ni miti ya mkandaa iliyokatwa ingali michanga. Watu wa Magomeni na Ilala wanazitaka sana kwa sababu zimenyooka na mchwa hawazipendi.

Mwaka huu tuliletewa mwalimu mpya wa somo la mimea na wanyama, kijana bado, mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini. Alituambia Siku ya Wazazi inakaribia, na darasa letu litatoa mtu mmoja wa kuhutubia wazazi juu ya kuihifadhi miti na viumbe vyake, awavute mpaka wakubali. Na hotuba iwe ya Kiswahili.

Hapo nikashtuka. Midahalo yetu ya shule ni ya Kiingereza siku zote, na mimi Kiingereza nakipenda kwa sababu ya kijinga: ukisema Kiingereza ni kama umeazima nguo za mtu mwingine. Ukikosea, wamekosea wenye nguo. Kwa Kiswahili uko wewe mwenyewe, na baba yako anakusikia neno kwa neno.

Tuliandika hotuba zetu nyumbani, tukampelekea. Akasoma chache kwa sauti. "Misitu ni utajiri wa nchi." "Wanyama ni urithi wetu." Akaziweka mezani, akatutazama.

"Nani kati yenu ameuonja huu utajiri wa nchi? Una chumvi au una sukari?"

Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja akainua mkono.

"Bwana mwalimu, mimi sijaonja utajiri wa aina yoyote."

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Huyu mwenzangu ni mtani wangu. Babu yake alitoka Unyamwezi na mizigo kichwani akabaki huku, na sisi ni Wazaramo, kwa hiyo utani baina yetu tumeurithi. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako angelisema mngenuniana mwaka mzima, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anakaa Magomeni. Aibu hana hata kidogo. Nadhani ilipogawanywa, fungu lake nilipewa mimi.

"Jumamosi hakuna daftari wala penseli," mwalimu alisema. "Njooni na pua, masikio na vidole. Na katika hotuba, neno ambalo mwili wako haukulihakikisha, nitalikata."

Jumamosi tukaenda kwa miguu, kundi zima, tukapita Upanga kwenye vichaka na nyumba mpya za Wahindi, mpaka tukafika kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Mwalimu akatoa vipande vya kitambaa cha marekani mfukoni, akatufunga macho mmoja mmoja.

"Macho ya mjini yamezoea kusoma vibao vya maduka," alisema. "Leo yapumzike."

Akatushika mkono, akamweka kila mtu mahali pake. Kwanza alitupa jani tulionje. Nililipitisha ulimini, likawa na chumvi, chumvi ya kweli, punje punje. Lilikuwa jani la mchu, mti unaokunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani.

"Bwana mwalimu!" mtani wangu alipiga kelele kutoka mbali. "Mboga imeshaungwa hii, bado samaki tu!"

"Nyamaza usikilize."

Nikasikiliza. Tope la chini ya miti lilikuwa la baridi miguuni, na lilikuwa na sauti. Ta, ta, ta, ndogo ndogo, kila mahali, kama mafuta ya maandazi yanapoanza kupata moto. Sijui walikuwa kaa, sijui vikamba, sijui matundu yanapumua. Nilisimama pale nikajisahau. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa kati ya watu wengi hivyo bila kuona haya.

Kisha mwalimu akatuhamisha, macho yangali yamefungwa. Hatukwenda mbali, lakini nyayo zilijua. Tope lilikuwa la moto, lile la mchana usio na kivuli, na lilikuwa kimya kabisa. Nikachuchumaa, nikapapasa, nikashika kisiki. Kilikuwa kimekatwa karibuni, bado kina unyevu, ganda linachubuka kwa ukucha. Nikakiinamia kunusa.

Harufu ilinijia yote kwa mara moja. Ilikuwa harufu ya shati la baba anaporudi jioni, ya viganja vyake, ya bega nililobebewa nilipokuwa mdogo na homa. Nilijua, bila kufikiri, kwamba baba amekuja amesimama nyuma yangu. Nikageuza kichwa, nikasema kwa adabu zote nilizofundishwa:

"Shikamoo, baba."

Halafu nyuma yangu sauti nzito ikaitikia:

"Marahaba, mwanangu. Mlango wa uani umeufunga?"

Ni yule mtani, kwa sauti ya kizee. Darasa zima likaangua kicheko. Wengine walivua vitambaa ili wacheke vizuri. Nilivua changu nikaona nilichokiamkia: kisiki kimoja katikati ya visiki vingine, uwanja mzima wa visiki vyembamba kama vidole, mpaka kwenye maji.

Mwalimu alikuja akasimama karibu.

"Umemwamkia nani?"

"Hakuna, bwana."

Akainama, akanusa kisiki, akainuka. Pua yake haikumwambia kitu.

"Andika hicho," alisema. "Hicho tu."

Shuleni nikawa Mwana-Kisiki. Jina lilitangulia kufika darasani kabla yangu. Lakini niliandika. Niliandika chumvi ya lile jani, tope la baridi lenye sauti na tope la moto lililo kimya. Niliandika kwamba harufu niliyoijua tangu utotoni kuwa ni ya baba, kumbe ni ya mti, na mti wenyewe unakatwa mchanga namna ile mpaka haubaki wa kuzaa mwingine. Mwisho nikawaomba wazazi wasinunue fito changa za Msimbazi. Nilipofika kwa wanaoziuza, kalamu ikaogopa. Niliandika, "baadhi ya wafanyabiashara."

Zamu yangu ya kusoma ilipofika nilisoma kwa sauti ndogo mno, nikitumaini haitavuka dawati la pili. Matokeo yake darasa lilinyamaza ili lisikie. Nilipomaliza hakuna aliyeniita Mwana-Kisiki. Mwalimu akasema, "Ni huyu," na wenzangu wakakubali, hata mtani, aliyeandika juu ya mbu peke yao kwa kuwa ndio waliomgusa kuliko kiumbe kingine chochote.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akili iliponirudia. Siku ya Wazazi baba huja. Huja mapema, akakaa mbele. Watu wa mtaa wetu wenye watoto pale shuleni huja pia, na wote wanajua mimi ni mtoto wa nani na fito za nani zimesimama pembe ya kushoto. Kwetu mtoto hamsahihishi baba hata akikosea siku ya wiki. Mimi nikasimame juu ya jukwaa niwaambie wateja wake wasinunue?

Nilijaribu kukimbia. Niliandika hotuba nyingine, ya ndege mwenye rangi nzuri. Mwalimu aliisoma akaniuliza, "Ulimsikia huyu?" Nikasema hapana. Akanirudishia.

Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Ukishamvua baba yako nguo mbele ya watu, una nguo gani ya kumvisha?" aliniuliza, hakuinua macho kwenye ungo.

"Sina, mama."

"Basi mwombe kwanza."

"Naogopa."

"Kama unaogopa, tuma mtu. Wewe wa kwanza kutuma mtu?"

Kwetu maneno mazito huenda na mjumbe, ya posa, ya ugomvi, hata ya kuomba radhi. Lakini mjumbe huwa mtu mzima, shangazi au mjomba. Nikamfikiria mjomba wangu, na jinsi jambo litakavyokuwa limeshafika Ilala kabla hajafika kwa baba. Kesho yake nikamweleza mtani.

"Nipeleke mimi," alisema pale pale. "Baba yako hawezi kunikasirikia. Akinitukana, kwangu ni chai."

Tukaenda uwanjani alasiri. Mimi nilijificha nyuma ya makuti. Baba alikuwa amekaa juu ya gogo anafunga mafungu ya fito, maana wateja huzinunua kwa korija, ishirini ishirini.

"Hodi, Mzaramo!"

"Karibu, Mnyamwezi. Umekuja kubeba mizigo? Ipo, chagua."

"Leo nimebeba maneno, na ni mazito kuliko boriti zako. Mwanao ameamkia kisiki."

"Ameamkia nini?"

"Kisiki, mzee. Cha mkandaa, kule Msimbazi. Alifungwa macho, akanusa, akasema shikamoo baba. Nikaona si vizuri salamu ipotee, nikaitikia mimi. Kwa hiyo tangu Jumamosi mimi ndiye baba yake, na wewe unifanyie heshima."

Baba alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Akaiokota, akaikung'uta.

"Halafu?"

"Halafu amechaguliwa asimame mbele ya wazazi. Atawaambia wasinunue fito zako."

Kicheko kikakatika. "Fito zangu?"

"Zile changa. Hizo unazozifunga."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya makuti. Yanavyotikisika, ulidhani upepo?"

"Toka," baba alisema. Nikatoka. "Mjumbe wako amemaliza kazi yake. Sasa sema mwenyewe. Sema yote, kama utakavyoisema huko."

Nikaisema. Hakuna jukwaa lililowahi kuwa gumu kama pale, nimesimama kati ya makuti na fito, mtu wa kumvuta mmoja tu. Mwanzoni baba aliendelea kufunga. Nilipofika kwenye harufu, mikono yake ikasimama. Niliendelea nikitazama mikono, uso sikuweza.

Nilipomaliza akainua kiganja akakinusa.

"Kumbe mimi nina harufu."

"Ndiyo, baba."

"Mbaya?"

"Hapana, baba. Ndiyo niliyokuwa nikiilalia nikiwa na homa."

Mtani akaegemea boriti, akatazama pembeni.

"Na huko kulikokatwa," baba aliuliza, "ni kukubwa?"

"Mpaka kwenye maji."

"Sijafika huko tangu ujana wangu. Mimi naletewa tu hapa." Akaokota fito moja, akaizungusha vidoleni, akairudisha kwenye fungu. "Umesema kuna baadhi ya wafanyabiashara. Ni akina nani hao?"

Nikayatazama mafungu ya fito.

"Usiniseme kwa mlango wa nyuma. Ukisema baadhi, kila mtu atamtazama jirani yetu wa pili, muuza fito mwenzangu, naye atadhani nimekutuma. Sema 'baba yangu'. Kama utasema, useme hivyo."

"Ndiyo, baba."

"Haya, nendeni. Na wewe Mnyamwezi, maneno yako umeshayatua. Shika hilo fungu ulipeleke kule."

Siku ya Wazazi mama aliifukiza udi kanzu ya baba, tena akazidisha. Baba alikaa safu ya mbele ananukia kama bwana harusi, na waliokaa karibu naye wakimgeukia. Nilielewa mama ameambiwa kila kitu, na huo udi ndio uliokuwa mchango wake.

Nilipoitwa, miguu ilinipeleka. Nilikuwa na kikapu cha majani ya mchu, mwalimu alikuwa ameniruhusu, nikaomba yapitishwe ili kila mzazi aonje. Akina mama wakaonja, wakatazamana, mmoja akasema kwa nguvu, "Chumvi!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kilinisaidia kuliko mazoezi yote. Nikasema ya tope. Aya ya pili niliisahau yote, mpaka leo sijui ilikwenda wapi. Lakini ya harufu sikuisahau. Nikasema, "Baba yangu anauza fito. Fito hizi ndizo zilizonilisha na kunivisha sare hii. Nilizinusa huko zinakotoka, nikadhani ni yeye." Nikamtazama. Alikuwa ametulia, mikono juu ya bakora, uso mbele. Ndipo nikaomba nilichokuja kuomba: wajengao waache fito changa za Msimbazi, waiache mikandaa midogo ikue.

Walipiga makofi. Sijui walikubali wangapi. Kukaa chini ilikuwa raha kubwa kuliko makofi.

Nje, jirani yetu wa pili, yule mwenye uwanja kama wa baba, alimfuata baba akicheka nusu nusu.

"Bwana we, mwanao ametufungia maduka leo!"

"Wewe amekufungia leo," baba alimjibu. "Mimi alinifungia juzi. Alikuja akaniambia kwanza."

"Na ulimwacha?"

"Sasa nimzuie kusema nilichokisikia nikakikubali?"

Tukarudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma hatua chache kama kawaida. Pale sokoni alinunua chungwa, akalimenya, akanipa nusu.

Sitaki kuandika kana kwamba mambo yalibadilika yote. Wiki ile ile mkokoteni ulikuja na fito mbichi. Baba alichagua chache zilizokomaa, nyembamba akazikataa. Wakataji walibishana naye, wakauliza kama anaumwa, kisha wakausukuma mkokoteni mpaka kwa jirani, na jirani akazichukua zote. Ile pembe ya kushoto ikawa wazi. Kuku wa mama walianza kulala pale mchana.

Jana, nikiwa nimetoka shule, alikuja mteja wa Ilala na baiskeli. Anajenga vyumba viwili, anataka fito nyembamba.

"Hakuna," baba alimwambia.

"Hakuna kwa nini, nawe siku zote unazo?"

Baba alinigeukia. "Mwambie."

Moyo ukaanza kwenda mbio, ule ule. Mteja alikuwa mtu mzima mwenye haraka, mkono mmoja kwenye usukani. Nikamwambia. Sikuwa na jukwaa wala jani la kumwonjesha, nikamwambia tu jinsi tope lilivyokuwa chini ya nyayo, upande huu na upande ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Pole pole mtakuja kutuambia tusijenge." Akapanda baiskeli, akaenda kwa jirani.

Baba alimtazama mpaka akapinda kona.

"Umesema vizuri kuliko siku ile," alisema.

"Lakini amekwenda, baba."

"Amekwenda." Akasogeza gogo lake kivulini, akanisukumia lingine kwa mguu. "Kaa. Watakuja wengine kabla ya magharibi."

Nikakaa.